Bima ya dhima kwa biashara ndogo: inacholipa, isicholipa, na maneno ya kuyazuia siku ya ajali

Muulize mwenye fremu Kariakoo kama ana bima. Akiwa nayo, mara nyingi itakuwa bima ya moto ambayo benki ilimtaka aichukue alipokopa. Hiyo inalinda mzigo wake. Mteja akiteleza kwenye vigae vilivyotoka kupigwa deki akavunjika nyonga, au bango la duka likiangukia kioo cha gari lililoegeshwa nje, bima ya moto haihusiki hata kidogo. Inayohusika ni bima ya dhima, ambayo mawakala wa mjini wamezoea kuiita pablik laiabiliti. Wafanyabiashara wengi wadogo wa Dar es Salaam hukutana nayo kwa mara ya kwanza kwenye masharti ya zabuni, au pale ukumbi unapomwambia mpambaji alete cheti cha bima kabla hajafunga hata taa moja. Wakati huo ana siku mbili, kwa hiyo ananunua chochote kitakachotoa cheti. Matatizo huanzia hapo.

Bima hii hailipi kwa sababu mtu ameumia kwenye biashara yako. Inalipa kwa sababu sheria inakudai wewe umlipe aliyeumia. Watu wengi hawaioni tofauti hiyo mpaka dai likataliwe. Mteja aliyejikwaa kwenye gauni lake mwenyewe katikati ya sakafu kavu, yenye mwanga wa kutosha, hana cha kukudai, na kampuni ya bima haitampa kitu. Itakachofanya, akikushitaki, ni kukulipia wakili. Gharama za kujitetea ni nusu ya thamani ya bima hii, ingawa wakala akiuza huwa hazitaji.

Sheria yenyewe tumeirithi. Tanzania inatumia misingi ya sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na maamuzi ya huko yaliyofuata bado yanasikilizwa na mahakama zetu. Kesi inayotajwa sana ni ya Uskoti, ya chupa ya tangawizi iliyodaiwa kuwa na mabaki ya konokono ndani. Mama aliyeinywa mwaka 1928 hakuwa ameinunua yeye, ilinunuliwa na rafiki yake, kwa hiyo hakuwa na mkataba na yeyote. Mwaka 1932 majaji walisema mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mnywaji wa mwisho hata kama hawajawahi kuonana. Mtengeneza juisi wa Sinza anayesambaza chupa zake kwenye maduka kumi yumo ndani ya kanuni hiyo. Anayekudai anatakiwa kuonyesha kwamba ulikuwa na wajibu wa kumwangalia, hukuutimiza, na madhara yake yametokana na hapo. Na kijana wako wa kazi akikosea akiwa kazini, atakayedaiwa ni wewe mwenye biashara.

Sasa karatasi yenyewe. Mkataba wa kawaida unasema kampuni itakulipia dhima ya kisheria kwa mtu kuumia au mali ya mtu kuharibika kwa ajali, ndani ya muda wa bima, ndani ya mipaka iliyotajwa, na kuhusiana na biashara iliyoelezwa kwenye jedwali, yaani ukurasa wenye taarifa zako. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayoua madai mengi. Fundi wa kuchomelea amejaza kwenye fomu "karakana ya mageti, Keko". Ajali inatokea Goba, juu ya paa la mteja. Bima yake ni ya eneo la karakana tu, na kazi za nje hazikuandikwa popote. Kuongeza maneno "pamoja na kufunga na kuchomelea kwenye maeneo ya wateja" kungepandisha ada, lakini bila maneno hayo alikuwa analipia bima ya mahali ambapo hafanyi kazi zake za hatari. Andika kazi zote unazofanya, hata ile ya mara mbili kwa mwaka. Ukificha jambo ambalo kampuni ingelihitaji ili kukadiria hatari, ina haki ya kuukana mkataba mzima, si sehemu yake.

Kwa wachomeleaji kuna sharti jingine ambalo wengi hawalisomi: sharti la kazi za moto. Linataka mtungi wa kuzimia uwe karibu na unafanya kazi, vitu vinavyoshika moto viondolewe au vifunikwe kwa blanketi lisiloungua, na mtu abaki akilinda baada ya kazi kuisha. Si urasimu. Cheche ya grainda huruka mbali kuliko jicho linavyodhani, ikaingia kwenye ufa wa mbao au chini ya dari na kufukuta taratibu. Fundi ameshakusanya vifaa, yuko kwenye bajaji anarudi, ndipo moto unatoka. Kiwango cha Marekani cha kinga ya moto, NFPA 51B, kinataka eneo la mita 11 kuzunguka kazi lisiwe na kitu cha kuungua, na toleo la 2019 liliongeza muda wa kulinda kutoka nusu saa hadi saa nzima. Mkataba wako unaweza kutaja muda tofauti; ufuate huo, na mlipe kijana mmoja akae. Picha ya mtungi na blanketi, iliyopigwa kabla ya kuwasha mashine, ina thamani kubwa siku ya dai.

Wenye gereji wana pengo lao. Bima ya dhima huondoa mali iliyo chini ya uangalizi wako, na gari la mteja lililoachwa kwako usiku ndilo hilo. Huondoa pia ajali za gari barabarani, kwa sababu zina sheria yake na bima yake ya lazima, ile ya gari iitwayo bima ndogo. Kwa hiyo kijana akilipeleka gari la mteja kulijaribu barabara ya Mandela akagonga, bima yako ya dhima haimo. Ukilidondosha kutoka kwenye jeki, haimo pia. Zipo bima maalumu za gereji, na vipo viongezo, yaani kinga za ziada zinazoandikwa juu ya mkataba wa msingi, vya mali iliyo mikononi mwako. Omba kwa jina hilohilo, kwa sababu wakala asipoulizwa atakuuzia ya kawaida. Fundi simu na dobi wako kwenye kundi hilo.

Fundi wa viyoyozi naye anatakiwa kujua kwamba kazi mbovu yenyewe hailipwi. Amefunga kiyoyozi cha shilingi milioni 1.2 kwa boliti fupi, kimeng'oka baada ya mwezi na kuangukia televisheni ya mteja. Televisheni inaweza kulipwa. Kiyoyozi na kazi ya kukifunga upya ni juu yake. Na hata televisheni italipwa tu kama kinga inaendelea baada ya kazi kukabidhiwa. Mikataba mingine inakoma siku unapoondoka eneo la kazi. Kiongezo cha kazi zilizokamilika ndicho cha kuulizia.

Mpishi wa sherehe na mama lishe wanahitaji kiongezo cha sumu ya chakula, maana chakula kikishauzwa kinahesabiwa kuwa bidhaa, na bidhaa mara nyingi zimeondolewa kwenye mkataba wa msingi. Pilau ndiyo ya kuiogopa hapa. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemka, na wali ukikaa saa nyingi ukiwa vuguvugu, kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, huchipua na kutoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Sufuria iliyoivishwa saa nne asubuhi kwa ajili ya sherehe ya saa mbili usiku, katika joto la Februari la Dar, imepitia muda wote huo. Jiko makini hutenga sampuli ndogo ya kila chakula, huiandika tarehe na saa, na kuiweka kwenye friji kwa siku tatu hivi. Wageni arobaini wakiumwa tumbo na sampuli yako ikionekana safi, huenda waliumia kwa juisi ya mtu mwingine. Bila sampuli unabaki na neno lako tu.

Saluni nitazipitia haraka: dawa za kulainisha nywele zina alkali kali inayounguza ngozi ya kichwa, na baadhi ya mikataba huondoa kabisa madhara ya huduma ya urembo, ikibakiza mteja kuteleza mlangoni. Uliza neno hilo moja kabla ya kulipa.

Nyumba ya kupanga

Hapa ndipo wapangaji wengi wamejidanganya. Sheria ya Fedha ya 2022 iliyaingiza majengo ya biashara na masoko ya umma kwenye orodha ya vitu vya kukatiwa bima kwa lazima, mwaka mmoja baada ya soko la Kariakoo kuungua tarehe 10 Julai 2021. Mpangaji akisikia hivyo hupumua: jengo lina bima, mwenye nyumba ameshamaliza. Lakini bima hiyo ni ya mwenye jengo. Kampuni ikishamlipa, inavaa viatu vyake na kupata haki ya kumdai aliyesababisha hasara. Ikionekana moto ulianzia kwenye mtungi wako wa gesi, au kwenye soketi uliyoiunganisha mwenyewe kuendesha friji tatu, barua ya madai itakuja kwako, na itakuwa na tarakimu za thamani ya jengo, si za kodi yako ya mwezi.

Bima yako ya moto haitakusaidia, ni ya mzigo wako. Bima ya kawaida ya dhima nayo inaweza kukukwepa, kwa sababu chumba ulichopanga kinaweza kuhesabiwa kuwa mali iliyo chini ya uangalizi wako. Kinachoziba hapo ni kiongezo cha dhima ya mpangaji. Njia nyingine, ambayo haina gharama kama mwenye nyumba ni mwelewa, ni kuomba kampuni yake iandike kwenye mkataba wa jengo kwamba inaacha haki ya kuwadai wapangaji. Wenye nyumba wengi hawajawahi kusikia ombi hilo. Omba kwa maandishi kabla ya kusaini pango, wakati bado anakutaka.

Na usisome bima peke yake. Soma mkataba wa pango pia. Vipengele kama "mpangaji atawajibika kwa hasara yoyote ya jengo kwa sababu yoyote" vimejaa mjini, vinanakiliwa kutoka karatasi moja hadi nyingine. Ukivisaini umejibebesha dhima kuliko sheria inavyokutaka, na bima ya dhima kwa kawaida hailipi ile ziada uliyojitwika mwenyewe kwa mkataba. Kipengele hicho kifutwe, au kipunguzwe kiwe hasara iliyosababishwa na uzembe wako.

Wafanyakazi, kwa kifupi

Mfanyakazi wako akiumia kazini, bima ya dhima kwa umma haimhusu. Huyo ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambako mwajiri wa sekta binafsi anachangia asilimia 0.5 ya mishahara, kutoka mfukoni mwake, bila kumkata mfanyakazi. Kibarua wa siku ndiye mwenye utata: mikataba mingi ya bima humwita mfanyakazi kila mtu aliye chini ya maelekezo yako, hata wa kuazima, kwa hiyo saidia fundi uliyemwokota Buguruni asubuhi anaweza kukataliwa na bima ya dhima, na kama hukumsajili popote atabaki kuwa mzigo wako. Tafuta tafsiri ya neno "mfanyakazi" kwenye kurasa za mwanzo.

Ukomo na ada

Kuna tarakimu tatu za kuangalia: ukomo kwa tukio moja, ukomo wa mwaka mzima, na sehemu unayobeba mwenyewe. Mfano wa kubuni: milioni 50 kwa tukio, milioni 100 kwa mwaka, na wewe unabeba asilimia 10 ya kila dai, isipungue shilingi 500,000. Mteja ameumia, hospitali milioni 7, mapato aliyokosa milioni 5, jumla milioni 12. Unatoa 1,200,000, kampuni inatoa 10,800,000. Dai la shilingi 400,000 unalimaliza mwenyewe. Angalia pia kama gharama za wakili zinamegwa kutoka kwenye ukomo au ziko juu yake. Kesi ya miaka mitatu inaweza kuula ukomo mdogo kabla hukumu haijasomwa.

Ukubwa wa ukomo usiupime kwa mtaji wako. Mwenye meza ya chipsi ya mtaji wa laki tano anaweza kuunguza duka la dawa la jirani, na mtu akifa, wategemezi wake wana haki ya kudai. Tazama nani na nini vipo ndani ya mita ishirini kutoka kwenye jiko lako.

Juu ya ada kuna VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18: kwa kiwango hicho ada ya 300,000 inakuwa 354,000. Kinga haianzi mpaka fedha imelipwa, hata kama karatasi umeshapewa. Lipa kwenye akaunti ya kampuni, si kwenye simu ya wakala, halafu hakiki namba ya hati yako kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Ni kazi ya dakika mbili, na ndiyo njia rahisi ya kugundua hati ya kughushi kabla mteja hajaigundua kwa niaba yako. Kisha dai mkataba kamili, kurasa zote. Cheti cha ukurasa mmoja hakina masharti wala vilivyoondolewa, na ndiyo sababu mawakala wanapenda kukitoa hicho peke yake.

Siku ya ajali

Mtu akiumia dukani Dar, mambo hufuata njia inayojulikana. Watu wanajaa, mwenye duka anaomba radhi, ndugu wa majeruhi wanafika, na kabla ya magharibi wote wako kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kituoni wakiandikishana. Karatasi inasema: "Nakubali kosa, nitagharamia matibabu yote mpaka apone." Yaishe. Kwa jirani na jirani ni utaratibu wenye busara. Kwa bima ya dhima ni kujichongea, kwa sababu karibu kila mkataba unakukataza kukubali kosa, kuahidi au kulipa bila idhini ya kampuni. Umewanyima nafasi ya kutetea dai, na "mpaka apone" haina mwisho.

Hilo halikukatazi kuwa mtu. Sema pole. Mpeleke hospitali. Chukua fomu ya PF3 polisi ili matibabu na rekodi vikae sawa. Huduma ya kwanza unaweza kuilipia na kutunza risiti. Mikataba mingi ina kipengele cha gharama hizo. Wakikubana usaini, andika tukio bila lawama: nani, wapi, saa ngapi, amepelekwa hospitali gani, na kwamba taarifa imepelekwa kampuni ya bima. Ndugu watakasirika kidogo. Waeleze kwamba bima ndiyo yenye hela.

Wakati huohuo mtu mwingine apige picha: sakafu, taa, viatu vya majeruhi, alama ya tahadhari kama ilikuwepo. Andika majina na simu za walioona. Nakili picha za kamera siku hiyohiyo, kwani mashine nyingi hujifuta zenyewe baada ya wiki moja au mbili. Kitu kilichovunjika usikitengeneze wala kukitupa kabla mkaguzi hajaja.

Taarifa iende kampuni yenyewe kwa maandishi, baruapepe au barua yenye muhuri wa kupokelewa. Ujumbe wa WhatsApp kwa wakala si mbaya, ila wakala akibadilisha kazi ushahidi wako umeondoka naye. Toa taarifa hata kama majeruhi amesema hadai kitu. Miezi minne baadaye mguu haujapona na shemeji yake ni wakili. Barua ya wakili usiijibu, ipeleke kampuni. Hati ya mahakama ipeleke siku hiyohiyo, maana una siku 21 tu za kuwasilisha utetezi kwenye shauri la madai, na kampuni iliyoipata siku ya ishirini ina sababu nzuri ya kukulaumu.

Kampuni ikikataa, itake iandike kipengele inachokitegemea, kwa namba. Mara nyingine dai linafufuka hapohapo. Lisipofufuka, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, kisha mahakama.

Jambo la mwisho: tunza mikataba yako kabatini. Dai la uzembe lina muda wa miaka 3 tangu tukio. Aliyeumia akiwa mtoto, muda huo unaanza kuhesabiwa akifikisha utu uzima, kwa hiyo mtoto wa miaka 6 aliyeungua kwa mafuta yako anaweza kukudai mpaka anapokaribia miaka 21. Itakayojibu ni bima iliyokuwa hai siku alipoungua, kama mkataba wako ni wa kufuata tarehe ya tukio. Mingine hufuata tarehe ya dai, na hiyo ukiiacha isihuishwe umepoteza na kinga ya matukio ya nyuma. Angalia yako ni ipi, na mikataba ya zamani usiifungie vitumbua.